Msamiati wa Madini, Uhunzi na Mafuta katika Kiswahili: Ushahidi Wake kwa Historia ya Ufundi

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba elimu ya ufundi ni wa miaka mingi. Aghalabu mjadala huo huendeshwa kana kwamba lugha hii ilikutana na ufundi kwa mara ya kwanza siku kitabu cha fizikia kilipotafsiriwa. Wanaoitetea huorodhesha istilahi mpya zilizoundwa. Wanaoitilia shaka huorodhesha zile zinazokosekana. Pande zote mbili husahau kuuliza swali lililo la msingi zaidi, nalo ni hili: maneno ya ufundi ambayo lugha hii tayari inayo yalitoka wapi, na yanatuambia nini juu ya watu walioyatumia?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo katika uwanja mmoja, yaani uchimbaji wa madini, ufuaji wa vyuma na, katika siku za karibu, uchimbaji wa mafuta. Uwanja huu unafaa kwa sababu una historia ndefu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwa sababu maneno yake ni ya tabaka mbalimbali: mengine ya Kibantu cha kale, mengine ya Kiarabu na ya Kihindi, mengine yaliyozaliwa migodini katika karne ya ishirini na ya ishirini na moja. Itaonekana kwamba kitu kimoja huweza kupata jina kutoka kwa anayekifanyia kazi au kutoka kwa anayekinunua, na kwamba majina hayo mawili hayana maarifa sawa ndani yake. Tofauti hiyo ina uzito katika kuunda istilahi na, kama mfano wa mwaka 2017 utakavyoonyesha, hata katika mambo ya dola.

2. Maneno ya mhunzi

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni chuma. Wingi wake, vyuma, unadhihirisha kwamba ni neno la ngeli ya KI-VI, ambapo kiambishi ki- kimeungana na shina lenye irabu mwanzoni. Kiganda kina ekyuma, Kinyarwanda kina icyuma, na maana zake zazungukia chuma, kisu na, siku hizi, mashine. Neno lililoenea hivi, lenye umbo la ngeli lisilo la kigeni, haliwezi kudhaniwa kuwa liliingia kwa majahazi.

Hali kadhalika kitenzi fua, katika maana ya kuponda chuma moto ili kipate umbo. Wanaisimu linganishi hukirejesha kwenye shina la kale *-túd-. Kikuyu kina tura, na mhunzi wake ni mũturi. Kinyarwanda kina gucura, na mhunzi wake ni umucuzi. Kiswahili, kwa kawaida yake ya kugeuza konsonanti fulani kuwa f mbele ya irabu ya juu, kikapata fua na mfua chuma. Yafaa hapa kujihadhari. Kiswahili kina pia kufua nguo na kufua nazi, na ni rahisi kuzikusanya maana zote tatu chini ya wazo moja la kupiga. Lakini mageuzi ya sauti huweza kuyaleta mashina mawili yaliyokuwa mbali hadi yakafanana kabisa, na mfanano wa umbo peke yake si uthibitisho wa asili moja. Ulinganifu na Kikuyu na Kinyarwanda unathibitisha asili ya fua ya uhunzi tu.

Vyombo vya kazi vinatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Nyundo ni nyondo katika Kikuyu na inyundo katika Kinyarwanda. Mvukuto, chombo cha kupulizia moto, umetokana na kitenzi vukuta. Neno fuawe, linalotaja kitu kigumu ambacho juu yake chuma hupigwa, lastahili kutazamwa zaidi. Inaelekea kuwa limeundwa kwa fua pamoja na shina lile la jiwe, yaani jiwe la kufulia. Ikiwa ndivyo, neno hili limehifadhi habari ambayo chombo chenyewe kimeipoteza: kabla ya kuwapo fuawe la chuma, mhunzi alifanyia kazi yake juu ya jiwe. Hiyo ni habari ambayo mwanaakiolojia angeitafuta kwa jembe na ungo, nayo imelala katika kamusi.

Sasa yatazamwe majina ya madini mengine. Dhahabu, fedha, risasi na zebaki ni maneno ya Kiarabu. Shaba nayo ni ya Kiarabu, na huelezwa kuwa ya mzizi uleule uliotupa kushabihi, kwa kuwa shaba ya manjano yafanana na dhahabu. Neno madini lenyewe limetoka katika Kiarabu, na sonara, fundi wa mapambo ya dhahabu, ametoka na jina lake Bara Hindi. Kalibu na kusubu, yaani umbo la kumiminia na tendo la kumimina, pia ni ya Kiarabu.

Mpangilio huu si wa bahati nasibu. Chuma, tendo la kukifua na vyombo vya kukifulia vina majina ya Kibantu. Madini yaliyopita bandarini kama mali, yenye thamani ya kupimwa kwa mizani, yana majina ya biashara. Hata hivyo kitenzi cha kazi hakikuondoka: anayetengeneza pete huitwa mfua dhahabu au mfua fedha. Jina la mali limetoka ng'ambo, jina la kazi limebaki la nyumbani. Kwamba pwani yenyewe haikuwa mnunuzi tu wa chuma kunathibitishwa na nje ya lugha. Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya kumi na mbili, aliwataja watu wa Malindi na wa Mombasa kuwa wachimbaji wa chuma na wafanyabiashara wake, na huko Galu, kusini ya Mombasa, mabaki ya kazi ya chuma yamefukuliwa na kuchunguzwa.

3. Kilichofanyika ndani ya tanuri

Ili uzito wa maneno haya ueleweke, ni lazima kazi yenyewe ielezwe. Mawe yenye chuma ni muungano wa chuma na oksijeni. Mhunzi wa kale aliyatia mawe hayo tanurini pamoja na makaa, akapuliza hewa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo. Makaa yakiungua katika hewa isiyotosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo huinyang'anya ile oksijeni iliyomo katika mawe, chuma kikabaki. Chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifikie nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la aina hii halikusudiwi kukiyeyusha. Kinachoyeyuka, kwenye nyuzi kama 1,200, ni uchafu wa mawe, ambao Kiswahili huuita mavi ya chuma. Uchafu huo hutiririka chini, na bonge la chuma lenye matundu, ambalo bado limeshika mabaki ya uchafu, hutolewa likiwa jekundu.

Hapo ndipo kufua kunapoingia. Bonge hilo likipigwa lingali na moto, uchafu uliobaki hukamuliwa nje na chembe za chuma hushikana. Kwa hiyo kufua hakukuwa kazi ya kuchonga umbo peke yake; kulikuwa hatua ya mwisho ya kukipata chuma chenyewe. Lugha iliyomwita fundi huyu kwa kitenzi cha nyundo ilikuwa imeitambua hatua hiyo.

Tanuri la namna hii lilichunguzwa kwa makini magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, walishirikiana na wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo katika ujana wao. Wazee hao walijenga tena tanuri, wakalitia manyasi ya bwawani yaliyochomwa, wakapanga mabomba ya udongo yakiingia ndani ya moto, wakavukuta, na chuma kikapatikana. Katika makala yao ya mwaka 1978 katika jarida la Science, wachunguzi hao walilinganisha kazi ya wazee na mabaki ya matanuri yaliyo karibu na ziwa, ambayo umri wake waliukadiria kuwa baina ya miaka 1,500 na 2,000. Walitoa pia hoja kwamba hewa iliyopita katika mabomba yaliyozamishwa motoni ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba kwa njia hiyo joto la tanuri lilipanda mno. Hoja hiyo ya kuitangulizia hewa joto imepingwa na wataalamu wengine, na ubishi wake ni wa kifizikia. Kisichobishaniwa ni kwamba wazee wale walijua walichokifanya, na kwamba walikuwa na lugha ya kukifanyia.

Kiswahili Sanifu kinakutana hapa na upungufu unaomsumbua kila mwalimu wa kemia. Kitenzi yeyusha hutumika kwa mambo mawili: kugeuza kitu kigumu kuwa majimaji kwa joto, kama mtu ayeyushavyo samli, na kukitoa chuma katika mawe yake kwa moto na makaa. La kwanza ni badiliko la hali. La pili ni badiliko la kikemia. Kama ilivyoelezwa, mhunzi wa Kihaya au wa Kikuyu alikitoa chuma bila ya kukiyeyusha. Mwanafunzi anayesoma kwamba wahenga waliyeyusha chuma hupata picha isiyo ya kweli, na lawama haiko kwa wahenga. Njia mojawapo ya kuliziba pengo hili ni kuchukua neno kutoka katika lugha ambamo kazi yenyewe ilifanyika hadi kumbukumbu za watu walio hai. Lakini njia hiyo ina muda wake. Vyuma vya viwandani kutoka Ulaya viliyazima matanuri mengi katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, na wazee walioijua kazi kwa mikono yao hawapo tena. Kilichobaki ni maneno waliyowaachia watoto na wajukuu, na maandishi ya wachache waliowahi kuwasikiliza. Maneno hayo yasipokusanywa sasa, istilahi itabidi iundwe ofisini.

4. Mukuba na shaba

Katanga inaonyesha jambo hili kwa njia nyingine. Katika lugha za huko na za jirani zake, kama Kiluba na Kibemba, shaba nyekundu huitwa mukuba. Ufukuaji ulioanza mwaka 1957 katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ulitoa misalaba midogo ya shaba iliyozikwa na maiti, na kadiri zama zilivyosonga misalaba hiyo ilielekea kuwa midogo zaidi na ya kipimo kinacholingana, jambo lililowafanya wachunguzi kuitazama kama aina ya sarafu. Mafundi wa shaba walikuwa na vyama vyao vyenye miiko, na katika maandishi ya wamisionari wa Kibelgiji wamejulikana kwa jina la walaji shaba. Madini yao yalitoka katika jiwe la kijani lililopondwa na kutiwa motoni pamoja na makaa. Shaba, tofauti na chuma, huyeyuka kwa nyuzi 1,085, kwa hiyo iliweza kutiririka na kumiminwa katika umbo. Hapa kitenzi yeyusha kilikuwa mahali pake.

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, Msiri, aliyetoka Unyamwezi, aliimarisha utawala wake huko Garenganze na kuiunganisha shaba ya Katanga na njia za misafara ziendazo pwani ya mashariki. Kwa njia hizo Kiswahili kilifika, na pamoja nacho neno shaba. Hilo lilikuwa jina la kitu kilichokwisha kuwa mzigo. Msiri aliuawa mwaka 1891 na nchi ikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya kiwanda chake cha Lubumbashi ilitoka mwaka 1911.

Kwa mwanaisimu, kilichofuata kina umuhimu wa pekee. Migodi ilihitaji watu, na watu walitoka kila upande: Rodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Katika migodi ya kusini mwa Afrika watu wa namna hiyo waliamrishwa kwa Fanagalo, lugha iliyofinyangwa kwa ajili ya amri na majibu ya amri. Katanga ingeweza kufuata njia hiyo, na kwa kitambo lugha ya aina hiyo ilisikika huko pamoja na vibarua waliotoka kusini. Hata hivyo kampuni, serikali na misheni zilielekea kwenye Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni nchini Kongo, ameonyesha kwamba uchaguzi huo ulihusiana na haja ya kuwatawala wafanyakazi na kuwatenga na ushawishi wa kusini. Nia haikuwa ya kuikuza lugha.

Lakini lugha haikubaki pale ilipowekwa. Kampuni ilipoanza kuwapa wafanyakazi nyumba pamoja na wake zao, Kiswahili kiliingia jikoni na uani. Watoto walikipata kama lugha yao ya kwanza. Kiliacha baadhi ya sarufi ya pwani, kikatumia ba- pale ambapo pwani husema wa-, kikachota maneno ya Kifaransa na ya lugha za majirani. Hatimaye kilikuwa lugha ya nyimbo, ya michezo ya kuigiza na ya sala. Neno kazi, ambalo bwana wa kampuni alilifahamu kama ajira ya mshahara, lilipanuliwa na wafuasi wa Jamaa, harakati ya kidini iliyoanzishwa na padri Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi, likabeba maana za kiroho ambazo hakuna msimamizi wa zamu aliyezikusudia. Mnamo mwaka 1965 historia ya jiji la Elisabethville iliandikwa kwa Kiswahili hicho na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ikieleza habari za jiji kama zilivyoonekana na waliolijenga. Lugha iliyoingizwa kwa ajili ya kutolea amri ilikuwa imetumika kuwahukumu watoaji wa amri.

Kuhusu jina, historia ilikuwa na kejeli yake. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya kurejea kwenye uasili, ililiondoa jina la Katanga na kulibatiza jimbo hilo Shaba, jina lililodumu hadi mwaka 1997. Neno lililochaguliwa kuwakilisha uasili lilikuwa neno la Kiarabu lililoletwa na misafara, na mukuba, jina la wale waliokuwa wakiyapanga makaa na mawe ya kijani karne nyingi kabla ya msafara wa kwanza, halikutajwa.

5. Mafuta: kisima, pekecha, keneka

Tabaka la tatu ni la mafuta. Neno mafuta ni la Kibantu: Kikuyu husema maguta na Kinyarwanda amavuta. Maana yake ya asili ni shahamu na mafuta ya kula au ya kujipaka. Bidhaa ya petroli ilipofika, kwanza kama mafuta ya taa, ilipokewa ndani ya neno hilo bila mashaka. Kisima vilevile kilitoka kwenye maji na kuingia kwenye mafuta. Upanuzi wa aina hii ndio njia ya kawaida ya lugha na hauna kasoro kwa wenyewe. Kasoro huzuka pale neno lililopanuliwa linapoficha namna kitu kinavyofanya kazi.

Mfano wa kwanza ni kuchimba. Kitenzi hiki hutumika kwa shimo la jembe, kwa handaki la mgodi na kwa kisima cha mafuta chenye urefu wa maelfu ya mita na upana mdogo. Kisima hicho hakichimbwi. Hutobolewa kwa chombo kinachozunguka. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hilohilo, pekecha, kinachotumika kwa anayetoboa mbao kwa chombo cha kuzungusha na kwa anayewasha moto kwa kijiti. Si lazima matumizi yaliyokwisha kuenea yafutwe, lakini pale mwandishi wa kitaalamu anapohitaji kutenganisha mgodi na kisima, pekecha kinamngojea.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kituo kilichofunguliwa Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, na kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013, kilijulikana kwa wote kama kiwanda cha kusafisha mafuta. Neno safisha linamfanya msikilizaji aamini kwamba mafuta ghafi ni petroli yenye taka, na kwamba taka hizo zikiondolewa petroli inabaki. Ukweli ni kwamba mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vimiminika vingi ambavyo kila kimoja huchemka kwa joto lake. Mchanganyiko huo hupashwa moto na mvuke wake hupandishwa katika mnara mrefu. Vilivyo vyepesi, kama petroli, hupanda hadi juu kabla ya kupoa na kuwa majimaji. Mafuta ya taa, yanayochemka takriban baina ya nyuzi 150 na 250, hukusanywa chini yake. Dizeli chini zaidi. Na lami hubaki kitakoni. Hakuna kinachotupwa kama taka, kila tabaka lina mnunuzi wake. Tendo hili lina jina katika Kiswahili, nalo ni kukeneka, neno la kale la kupata kimiminika kwa njia ya mvuke, na istilahi ukenekaji imeshapokewa katika vitabu vya kemia.

Tofauti hii si ya wanakamusi tu. Mwezi Machi mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana katika kisima kilichopewa jina la Ngamia 1, na mwezi Agosti mwaka 2019 shehena ya kwanza ya majaribio, kiasi cha mapipa 200,000, ilisafirishwa nje kutoka Mombasa. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, hivyo huganda na hayana budi kupashwa moto yanaposafirishwa. Mwananchi anayeuliza kwa nini mafuta ya nchi yake yauzwe yakiwa ghafi anastahili jibu linalotaja mnara, nta na ukenekaji. Akijibiwa kwa neno kusafisha, ataona kwamba kinachokosekana ni sabuni na maji.

6. Mchanga au makinikia

Mwezi Machi mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa shehena fulani ya madini kwenda nje, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Hapo awali magazeti na watu wa kawaida waliiita shehena hiyo mchanga wa dhahabu, au mchanga tu. Jina hilo lilitokana na macho: kilichomo kilikuwa unga wa kijivu. Kamati mbili za wataalamu ziliundwa, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro. Taarifa zao zilitolewa mwezi Mei na mwezi Juni mwaka huo. Kampuni iliyohusika ilizikanusha hesabu zao. Katika wiki hizo neno makinikia lilitoka mahali pasipojulikana na wengi, likafika sokoni, kwenye daladala na katika mashairi ya magazetini.

Kwa umbo, neno hili laonekana kuhusiana na makinika, yaani kutulia na kukusanya mawazo. Ikiwa ndivyo, aliyeliunda alifuata neno la Kiingereza ambalo kwa umbo moja lina maana ya kukaza fikira na ya kitu kilichokusanywa hadi kikawa kizito. Kwa kipimo cha uundaji wa istilahi, hii ni tafsiri ya neno, na tafsiri ya neno haimwelezi Mswahili kitu. Kazi iliyofanyika Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa hivi: mwamba ulisagwa, unga ukatiwa majini pamoja na dawa, hewa ikapulizwa, chembe zenye shaba, dhahabu na fedha zikashikamana na mapovu na kuelea juu, zikaenguliwa na kukaushwa. Unga huo ulihitaji bado tanuri kubwa ili madini yatengane, na tanuri hilo lilikuwa ng'ambo.

Pamoja na udhaifu wake wa kiumbo, makinikia lilifanya kazi ambayo mchanga haukuweza kuifanya. Kwa jina la mchanga, jambo lilikuwa na sura mbili tu: ama ni mchanga usio na thamani na makelele hayana maana, ama ni dhahabu iliyofichwa mchangani na wizi umefanyika. Kwa jina makini zaidi iliwezekana kuuliza maswali yenye majibu: kila tani ina kiasi gani cha shaba, cha dhahabu na cha fedha, ni nani anayepima, na gharama ya tanuri analipa nani. Mazungumzo yaliyofuata yalimalizika kwa mapatano yaliyozaa kampuni ya pamoja ya Twiga, ambamo serikali ilipata hisa za asilimia 16. Haiwezi kudaiwa kwamba neno moja lilileta matokeo hayo. Yatosha kusema kwamba taifa zima lilijadili bidhaa ya uhandisi wa madini kwa lugha yake, na kwamba mjadala ulichelewa kwa sababu jina lilichelewa.

Ilhali kamati zilikuwa na neno lao, wachimbaji wadogo walikuwa na yao ya siku nyingi. Katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania shimo la mgodi huitwa duara, miti inayozuia kuta zisiporomoke ni matimba, mashine ya kupondea mawe ni karasha, na mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza huitwa marudio. Neno hili la mwisho ni la kupigiwa mfano. Kiingereza kinaita kitu hicho kwa wazo la mkia, yaani kinachoburutwa nyuma na kuachwa. Mchimbaji wa Kitanzania amekiita kwa tendo: ni kile kinachorudiwa, kwa kuwa anajua kwamba ndani yake dhahabu ingalimo. Amefanya alichofanya yule aliyesema fuawe. Ametaja kitu kwa kazi yake. Hakuna kamati iliyomtuma.

7. Hitimisho

Ushahidi uliotolewa unaruhusu kauli tatu. Kwanza, msamiati wa chuma katika Kiswahili ni wa Kibantu katika kiini chake, na unalingana na ushahidi wa akiolojia kwamba kazi ya chuma ni ya kale na ya nyumbani. Pili, majina mengi ya madini mengine ni ya biashara, lakini jina la biashara halithibitishi kwamba kazi nayo iliagizwa. Mukuba unatosha kulionyesha hilo. Tatu, istilahi iliyo bora katika uwanja huu ni ile inayotaja kazi, na istilahi ya namna hiyo mara nyingi imeshakuwapo kinywani mwa watu kabla ya mtaalamu kuitafuta.

Kwa hiyo idara za lugha zina wajibu ambao hauwezi kutimizwa maktabani peke yake. Wachunguzi hawana budi kwenda katika nchi ya matanuri kukusanya maneno yaliyobaki ya uhunzi, na kwenda katika machimbo ya Geita na ya Migori kuandika maneno yanayotumika leo, pamoja na namna kila neno linavyofanya kazi. Haja hii inagusa uhai wa watu. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na unga wa dhahabu kisha huichoma hadharani, na moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa mtoto aliye karibu naye. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeandikwa kwa ajili ya hatari hiyo, lakini mkataba hauingii shimoni. Kinachoingia shimoni ni maneno, nayo yafaa yawe yale ambayo aliye ndani ya duara anayafahamu bila ya kufasiriwa.